KALIBU, KONTENA NA WINGU: NAMNA YA KUANDAA MAZINGIRA YA MSIMBO WA MIUNDOMBINU YANAYOHAMISHIKA, KWA KUZINGATIA HALI YA BUNIA

1.0 Utangulizi

Makala haya yana lengo la kueleza kwa Kiswahili namna ya kuandaa mazingira ya kazi ndani ya kontena, ili mwanafunzi au mhadhiri aweze kuyatumia kuandika msimbo wa miundombinu ya wingu. Istilahi hizo, yaani kontena, msimbo wa miundombinu na wingu, zitafafanuliwa katika sehemu ya pili. Tunatambua kuwa wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa lugha na fasihi, wala si wa kompyuta. Hata hivyo tunaona kwamba mada hii ina nafasi yake hapa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya lugha. Katika mji wa Bunia, makao makuu ya Jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Maandishi ya programu za kompyuta, kwa upande wake, yako kwa Kiingereza. Lakini mwanafunzi anapomgeukia mwenzake na kumwuliza, "Umefanyaje?", mara nyingi jibu huja kwa Kiswahili. Ujuzi unaopita katika lugha tatu kabla ya kumfikia mtu huacha kitu njiani, na kinachoachwa mara nyingi ni ile sababu ya jambo: mtu hubaki akijua amri za kuandika bila kujua kwa nini anaziandika.

Sababu ya pili ni ya maisha. Tuchukue mfano. Mwanafunzi anaandaa kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye kompyuta yake ya mkononi, na kila kitu kinakwenda vizuri. Siku ya kuionyesha mbele ya wahadhiri anatumia mashine nyingine, na programu inakataa. Chombo kimoja ni cha toleo la zamani, kingine hakipo kabisa, na siku hiyo hakuna intaneti ya kukipakua. Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ituri imepita katika miaka mingi ya vita, na mwezi wa Mei 2021 serikali iliuweka utawala wa jimbo mikononi mwa wanajeshi. Watu wengi wamelazimika kuyahama makazi yao, wengine zaidi ya mara moja. Anayehama kwa haraka hubeba watoto, vyeti na chakula. Kompyuta huachwa, hupotea au huibwa. Iwapo njia yote ya kufanyia kazi ilikuwa imefungwa ndani ya mashine hiyo moja, basi kilichopotea si mashine peke yake.

Hoja yetu kuu ni hii: mazingira ya kazi yanapaswa kuandikwa, si kukumbukwa. Yakiandikwa katika faili dogo la maneno, mtu yeyote anaweza kuyajenga upya mahali popote. Kontena ni njia mojawapo ya kulitimiza jambo hilo, na kwa sasa ndiyo iliyoenea zaidi.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Wingu

Neno "wingu" limetumika kwa maana hii kwa njia ya tafsiri, na linaweza kumpotosha msomaji. Hakuna kitu kinachoelea angani. Wingu ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye umeme na vipoza joto, ambamo kampuni hukodisha sehemu ya mashine kwa saa au hata kwa sekunde. Barani Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Anayekodi hukaa kwake, hutuma maombi kwa intaneti, na mashine hutengwa kwa ajili yake. Malipo huhesabiwa tangu mashine inapowashwa hadi inapozimwa, hata kama mkodishaji ameisahau.

2.2 Msimbo wa miundombinu

Hapo mwanzo mkodishaji alikuwa akifungua ukurasa wa kampuni na kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine: mashine moja hapa, hifadhi ya data pale, mtandao wa kuziunganisha. Kazi ya namna hii haina kumbukumbu. Baada ya miezi sita hakuna anayejua nani alibonyeza nini. Msimbo wa miundombinu ni maandishi yanayoeleza kile kinachotakiwa kuwapo: mashine ngapi, za ukubwa gani, zikiunganishwa vipi. Programu maalumu huyasoma maandishi hayo, huyalinganisha na hali iliyopo, kisha hutekeleza tofauti tu.

Programu iliyojulikana sana katika kazi hii ni Terraform, iliyotolewa na kampuni ya HashiCorp mwaka 2014. Mwezi wa Agosti 2023 kampuni hiyo ilibadilisha leseni yake, na watumiaji ambao hawakuridhika wakaanzisha tawi lililo huru, OpenTofu, ambalo toleo lake la kwanza imara lilitoka Januari 2024 chini ya Linux Foundation. Katika makala haya tutatumia OpenTofu kwa kuwa leseni yake ni ya wazi. Anayeijua moja hatapata taabu kubwa kuielewa nyingine.

2.3 Kontena

Msomaji wa Bunia analijua kontena kabla ya kuijua kompyuta. Bidhaa nyingi zinazouzwa katika masoko ya mji huu huingia kwa njia ya Uganda baada ya kushushwa bandarini Mombasa. Kabla ya kontena, shehena ilipakiwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, na kila bandari ilikuwa na utaratibu wake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X, ya mfanyabiashara Malcom McLean, iliondoka Newark nchini Marekani kwenda Houston ikiwa na kontena 58. Siri ya jambo lile haikuwa bati lenyewe, bali vipimo. Kreni, lori na meli havihitaji kujua kilichomo ndani; vinahitaji kujua ukubwa wa kasha na mahali pa kulikamata.

Kontena ya kompyuta imepewa jina lake kwa mlinganisho huo. Ni programu pamoja na kila kitu inachokihitaji, yaani vyombo, maktaba za msimbo na mipangilio, vikiwa vimefungwa pamoja na kutengwa na programu nyingine za mashine hiyohiyo. Wazo la kutenga si geni. Mfumo wa Unix ulipata mwaka 1979 amri ya kuifanya programu ione folda moja kana kwamba ndiyo diski nzima. FreeBSD iliendeleza wazo hilo mwaka 2000, na kiini cha Linux kikapata mwaka 2008 uwezo wa kugawa kumbukumbu na nguvu ya kichakato kwa makundi ya programu. Mwezi wa Machi 2013 Solomon Hykes wa kampuni ya dotCloud alionyesha hadharani chombo kilichokusanya uwezo huo wote chini ya amri chache. Chombo hicho ni Docker. Mwaka 2015 kampuni kadhaa zilikubaliana juu ya vipimo vya pamoja, na tangu hapo kontena iliyotengenezwa kwa chombo kimoja inaweza kuendeshwa na kingine, kama vile Podman.

Ni muhimu kutofautisha kontena na mashine ya kuigiza. Mashine ya kuigiza hubeba mfumo mzima wa uendeshaji pamoja na kiini chake, kwa hiyo ni nzito. Kontena hutumia kiini cha mashine iliyoipokea. Tunaweza kuifananisha mashine ya kuigiza na nyumba iliyojengwa peke yake kiwanjani, na kontena na chumba katika nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini paa na msingi ni vya wote.

2.4 Kalibu

Kontena haitoki hewani. Hutolewa katika kitu ambacho kwa Kiingereza na Kifaransa huitwa kwa neno lenye maana ya "picha". Wengine wamelitafsiri kwa "taswira". Sisi tunapendekeza "kalibu", neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni chombo cha kutolea umbo. Mfyatuaji wa matofali ana kalibu moja, na kwa kalibu hiyo hutoa matofali mia. Tofali likivunjika, kalibu haidhuriki. Naye huchukua udongo na kufyatua jingine. Ndivyo ilivyo hapa. Kontena inaweza kuharibika au kufutwa, na nyingine ikatolewa kwa sekunde chache kutoka katika kalibu ileile. Maana hiyo haimo katika neno "taswira", kwa kuwa picha huonyesha umbo tu wala haizai kitu.

Kalibu yenyewe hujengwa kwa matabaka. Kila amri inayobadilisha mafaili huongeza tabaka moja juu ya lililotangulia. Matabaka yaliyokwisha kupakuliwa hayapakuliwi tena. Kwa mtu anayelipia intaneti kwa megabaiti, jambo hili ni la fedha moja kwa moja.

3.0 Hatua za Kuandaa Mazingira

3.1 Kuandika maelekezo

Hatua ya kwanza ni kuandika faili la maelekezo, ambalo kwa kawaida hupewa jina Dockerfile. Mfano wa (1) unatosha kwa kuanzia. Kabla ya kuutumia, mwandishi ameshapakua programu ya OpenTofu na kuiweka katika folda hiyohiyo kwa jina tofu.

(1)
FROM debian:12-slim
RUN apt-get update && apt-get install -y --no-install-recommends ca-certificates git && rm -rf /var/lib/apt/lists/*
COPY tofu /usr/local/bin/tofu
RUN useradd -m -u 1000 mwanafunzi
USER mwanafunzi
WORKDIR /kazi

Mstari wa kwanza unataja msingi: mfumo wa Debian toleo la 12, katika umbo lake dogo. Wa pili unaongeza vyombo viwili, yaani vyeti vya usalama wa mtandao na programu ya git ya kutunza historia ya maandishi, kisha unafuta orodha zisizohitajika tena. Ufutaji huo umewekwa katika mstari uleule kwa makusudi. Ungewekwa katika mstari wake peke yake, orodha zingebaki katika tabaka la chini na kalibu isingepungua uzito. Mstari wa tatu unanakili OpenTofu kutoka kwenye diski badala ya kuipakua kila mara kalibu inapojengwa. Mstari wa nne na wa tano unaunda mtumiaji wa kawaida, ili kazi isifanywe kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Mstari wa mwisho unataja folda ya kufanyia kazi.

Mpangilio wa mistari una maana. Mstari ukibadilika, tabaka lake pamoja na yote yaliyo juu yake hujengwa upya. Kwa hiyo mambo yasiyobadilika mara kwa mara hutangulia, na yanayobadilika hufuata. Aliyekwisha kuwaona mafundi wakipandisha ukuta ataelewa: ukitaka kubadilisha tofali la chini, sharti ubomoe ya juu.

3.2 Kujenga kalibu na kuingia ndani ya kontena

Maelekezo yakiwa tayari, amri ya kwanza katika mfano wa (2) hujenga kalibu na kuipa jina pamoja na toleo. Ya pili hutoa kontena na kumwingiza mtumiaji ndani yake.

(2)
docker build -t mazingira:1.0 .
docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi mazingira:1.0

Sehemu ya -v katika amri ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Hufungua mlango kati ya folda ya kweli katika diski ya kompyuta na folda ya /kazi ndani ya kontena. Kinachoandikwa upande mmoja huonekana upande wa pili. Sehemu ya --rm huagiza kwamba kontena ifutwe mtumiaji anapotoka. Kwa kutumia mambo haya mawili pamoja, mwanafunzi anajifunza nidhamu iliyo bora: vyombo hukaa ndani ya kontena na huweza kutupwa, maandishi hukaa nje na hutunzwa.

3.3 Kuhamisha kalibu bila intaneti

Darasa la wanafunzi ishirini halina sababu ya kupakua kitu kilekile mara ishirini. Mmoja hujenga kalibu mahali penye intaneti nzuri, kisha huihifadhi kama faili moja. Wenzake huipokea kwa diski ndogo ya mfukoni.

(3)
docker save -o mazingira.tar mazingira:1.0
docker load -i mazingira.tar

Amri ya kwanza hutumiwa na anayetoa, ya pili na anayepokea. Lakini kalibu peke yake haitoshi. OpenTofu huzungumza na kila kampuni ya wingu kwa njia ya programu-daraja, nayo hupakuliwa kando. Programu-daraja ya kampuni kubwa inaweza kufikia mamia ya megabaiti. Asiyelijua hilo atawaona wanafunzi wake wakikwama kwenye amri ya kwanza kabisa. Dawa yake ni mfano wa (4).

(4)
tofu providers mirror ./maktaba
tofu init -plugin-dir=/kazi/maktaba

Amri ya kwanza, inayotekelezwa mara moja penye intaneti, hukusanya programu-daraja zote zinazotajwa katika msimbo na kuziweka katika folda ya maktaba. Ya pili huiagiza OpenTofu izichukue humo bila kutafuta nje. Folda hiyo husafiri pamoja na kalibu katika diski ileile.

Baada ya hapo kuna mengi yanayoweza kufanyika bila intaneti wala akaunti ya wingu. Amri ya tofu fmt hunyoosha mwandiko wa msimbo. Amri ya tofu validate hukagua kile ambacho mwanaisimu angekiita sarufi: kama majina yametajwa sawasawa, kama viambajengo vinavyotakiwa vipo, kama namba imewekwa panapotakiwa namba. Haiwezi kukagua kama kinachosemwa kina busara. Sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikaagiza mashine kumi ambapo moja ingetosha.

4.0 Mambo Yasiyofaa Kufungwa Ndani ya Kontena

4.1 Daftari la hali

OpenTofu hutunza faili liitwalo terraform.tfstate. Sisi tutaliita daftari la hali. Humo huandikwa kila kitu ambacho programu imekiunda katika wingu pamoja na utambulisho wake. Daftari hili ndilo linaloiwezesha programu kujua kuwa mashine inayotajwa katika msimbo ndiyo ile iliyokwisha kuundwa jana.

Sasa tuseme mwanafunzi amesahau kufungua mlango wa -v, akafanya kazi yake yote ndani ya kontena, akaunda mashine moja katika wingu, kisha akatoka. Kontena imefutwa, na daftari limefutwa pamoja nayo. Kesho yake anaanza upya. Programu inafungua macho, haioni daftari, inaamini kuwa hakuna chochote, na inaunda mashine ya pili. Ile ya kwanza inaendelea kufanya kazi na kuhesabiwa malipo bila mwenye kuikumbuka. Pengine kadi ya benki iliyotumika si ya mwanafunzi bali ni ya ndugu yake, na deni litagunduliwa mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba daftari la hali likae nje ya kontena, linakiliwe mara kwa mara, na kazi ya kikundi ihifadhiwe katika hifadhi ya pamoja yenye kufuli, ili watu wawili wasiandike kwa wakati mmoja.

4.2 Funguo za siri

Ili kuingia katika wingu mtu hupewa ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kishawishi ni kuuandika katika maelekezo ya kalibu ili usisahaulike. Hilo ni kosa kubwa. Tumeeleza kuwa kila mstari ni tabaka. Anayeweka ufunguo katika mstari wa tatu na kuufuta katika mstari wa nne hajaufuta. Ameufunika tu, na yeyote atakayeipokea kalibu anaweza kulichambua tabaka la chini na kuusoma. Ufunguo upewe kontena wakati wa kuiendesha tu. Aidha, daftari la hali nalo huweza kubeba maneno ya siri kwa maandishi ya wazi. Kwa hiyo halifai kuwekwa mahali pa umma pamoja na msimbo.

4.3 Kukatika kwa umeme

Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, ni lazima kujiuliza nini hutokea ukikatika katikati ya kazi. Kontena yenyewe si ya kuhofia, kwani kalibu ipo. Hatari iko katika wingu. Inawezekana ombi la kuunda mashine limekwisha kufika huko mbali na kutekelezwa, lakini jibu halikuwahi kuandikwa katika daftari. Umeme ukirudi, mtu asiharakishe kurudia amri. Kwanza atekeleze tofu plan, ambayo huonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Kisha alinganishe na orodha ya mashine iliyo katika akaunti yake. Akikuta mashine isiyokuwamo katika daftari, anaweza kuiingiza kwa amri ya tofu import, au kuifuta kwa mkono. Kwa mkaaji wa mji mkubwa wenye umeme wa uhakika haya huonekana kuwa mambo ya pembeni. Kwetu ni sehemu ya somo lenyewe.

5.0 Mipaka ya Njia Hii

Haitakuwa haki kuisifu kontena bila kutaja udhaifu wake. Kwanza, maelekezo yaleyale hayazai kalibu ileile milele. Mfano wa (1) ukitekelezwa leo na ukatekelezwa tena mwakani, Debian itakuwa imetoa masahihisho na vyombo vitakuwa vya matoleo tofauti kidogo. Hata jina debian:12-slim huweza kuelekezwa kwenye kalibu mpya na wenye mamlaka nalo. Kitu kisichobadilika ni alama ya kalibu, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Jina ni kama jina la mtu, ambalo wawili wanaweza kulishiriki. Alama ni kama alama ya kidole. Anayetaka uhakika kamili ataje alama badala ya jina, na atunze kalibu iliyohifadhiwa pamoja na maelekezo yake.

Pili, kontena tunazozungumzia zinahitaji kiini cha Linux. Kwenye Windows hulazimika kuendeshwa kiini hicho kwa njia ya kuigiza, na mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huelemewa. Kompyuta kuukuu yenye Linux mara nyingi hufanya kazi hii vizuri zaidi kuliko inayoizidi umri mdogo yenye mfumo mwingine.

Tatu, si vichakato vyote vilivyo vya ukoo mmoja. Kalibu iliyojengwa kwa kichakato cha kompyuta nyingi za kawaida haiendi bila msaada kwenye mashine za ukoo wa ARM. Kabla ya kugawa kalibu darasani, ni vema kuuliza nani ana mashine ya namna gani.

6.0 Suala la Istilahi

Tumetumia katika makala haya istilahi za namna tatu. Ziko zilizokopwa na kuzoeleka, kama kontena, faili, folda na intaneti. Ziko zilizopanuliwa maana, kama wingu, tabaka, mlango, ufunguo na daftari. Na iko moja tunayoipendekeza, yaani kalibu. Historia ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili inatufundisha unyenyekevu. "Tarakilishi" liliundwa kwa ustadi kutokana na tarakimu na akili, na lina watetezi wake hasa nchini Kenya, lakini "kompyuta" limeendelea kutumika bila kujali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilihitaji kuamua juu ya mamia ya maneno. Ilidhihirika kuwa istilahi haikai kwa sababu imeundwa vizuri, bali kwa sababu watu wameikuta wakiwa na haja nayo.

Katika Bunia liko tatizo la ziada. Msemaji wa Nairobi akikosa neno la mashine hukopa Kiingereza. Msemaji wa Bunia hukopa Kifaransa. Wote wawili wanasema Kiswahili, na wakikutana katika kazi moja wanaweza wasielewane palepale ambapo kuelewana kunahitajika. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nafasi za kukutana namna hiyo ziliongezeka. Hatudai kwamba fundi wa matofali wa Bunia analitumia neno "kalibu" kila siku. Huenda ana neno lake la asili ya Kifaransa. Tunachodai ni kwamba akielezwa kazi yake kisha akaonyeshwa kontena, atauona uhusiano bila kuhitaji mkalimani. Hicho ndicho kipimo cha istilahi tunachokiona kuwa cha haki.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mazingira ya kazi yanaweza kuandikwa katika mistari sita, yakajengwa kuwa kalibu, yakahamishwa kwa diski ya mfukoni, na yakatumika bila intaneti kwa sehemu kubwa ya mafunzo. Tumeonyesha pia kwamba vitu viwili, daftari la hali na funguo za siri, havina nafasi ndani ya kalibu, na kwamba kuvisahau kuna gharama ya fedha.

Tunatoa mapendekezo mawili kwa idara zinazohusika. La kwanza ni kwamba kila kazi ya mwisho wa masomo yenye programu iwasilishwe pamoja na faili la maelekezo ya mazingira yake, na mwalimu alijaribu kwenye mashine isiyo ya mwanafunzi kabla ya siku ya kuitetea. La pili ni kwamba faili hilo liambatane na maelezo ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, yanayosema si tu nini kinafanywa bali kwa nini. Faili la maelekezo halifiki hata kilobaiti moja. Linaweza kutumwa kwa barua pepe, kuchapwa kwenye karatasi na kukunjwa mfukoni, au kunakiliwa kwa kalamu ikibidi. Siku ambayo mtu atalazimika kuiacha mashine yake, atakuwa amebeba kile alichokihitaji kutoka ndani yake.